Kantri Haikuishia kwa Jim Reeves

Ukifika Litein, Kericho, siku ya soko, duka langu la agroveti utalisikia kabla hujaliona. Spika nimeiweka juu ya rafu ya dawa za kupe, na kinachotoka humo ni muziki wa kantri tangu ninapofungua hadi ninapofunga. Wateja wamezoea. Wapo wanaoingia kununua chumvi ya ng'ombe wakasimama kwanza mpaka wimbo uishe, ndipo waseme wanachotaka. Yupo pia mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye kila akikuta nimeweka wimbo wa miaka hii hukunja uso na kuniambia, "Mwanangu, hiyo si kantri. Niwekee Jim Reeves."

Namwekea. Kwanza ni mzee, na pili Jim Reeves nampenda kwa dhati. Ila kwa hoja yake tunatofautiana, na nimeamua kuijibu hapa kwa sababu hayuko peke yake. Nenda usiku wa kantri popote pale, Nairobi, Nakuru, Eldoret. Kofia zimevaliwa, buti zimeng'arishwa, watu wanaimba mpaka sauti zinakauka, na nyimbo ni zile zile: Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton, kisha mzunguko unaanza tena. Jim Reeves alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1964. Don Williams alituacha mwaka 2017, Kenny Rogers mwaka 2020. Ukiwasikiliza ma-DJ wetu utadhani walipoondoka waliondoka na muziki wote.

Hawangeweza kuondoka nao, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki huo ilitoka kwenye kalamu za watu wengine. Majina ya watu hao hatukuwahi kuyasikia redioni, na wenzao wa kizazi hiki wanaendelea na kazi ile ile, wengine kwa ustadi ambao unanifanya nifunge droo ya pesa nisikilize vizuri. Ndiyo maana siku hizi simfuati mwimbaji. Namfuata mtunzi.

Chukua ule wimbo wa Jim Reeves wa simu, "He'll Have to Go", ambao mzee wangu huuimba amefumba macho, mkono juu ya gunia. Mwanamume anampigia mpenzi wake, anamsihi asogeze mdomo karibu na simu, na anajua wazi kwamba hapo alipo hayuko peke yake. Walioutunga ni mume na mke, Joe na Audrey Allison. Audrey alikuwa na sauti ndogo, na wakizungumza kwa simu ilibidi Joe amwambie asogeze mdomo. Wimbo ulianzia hapo, kwenye jambo dogo la mtu na mkewe, na Jim Reeves akaurekodi mwaka 1959. Nilipomsimulia mzee alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kumbe Jim hakuwa na huyo mwanamke?" Hakuwa naye, baba. Lakini waliouandika waliuandika vizuri hivi kwamba mtu mwingine aliweza kuubeba, na wewe ukauamini ukiwa Kenya.

Ya Don Williams ndiyo yaliyonishangaza zaidi. "Amanda", "Say It Again", "It Must Be Love", "Good Ole Boys Like Me": zote ni za Bob McDill, mtu wa Beaumont, Texas. Sasa, Agosti mwaka 1976, kijana wa miaka 23 anayeitwa Don Schlitz, aliyekuwa akiendesha kompyuta usiku kwenye Chuo Kikuu cha Vanderbilt ili apate kodi ya nyumba, alitoka ofisini kwa McDill kurudi kwake kwa miguu. McDill alikuwa mwalimu wake wa kazi hii. Njiani maneno yakaanza kumjia, na alipofika nyumbani alikuwa na sehemu kubwa ya "The Gambler". Mwisho wake ulimsumbua kwa wiki kadhaa. Bobby Bare alikuwa miongoni mwa waliourekodi kabla Kenny Rogers hajautoa mwaka 1978 ukamganda maisha yake yote. Kwa hiyo waimbaji wetu wawili wa kila wikendi, Don Williams na Kenny Rogers, wanakutana kwenye mlango wa ofisi moja. Hilo nalijua kwa sababu ya kusoma majina madogo chini ya wimbo, na kila nikilifikiria nafurahi upya.

Na sisi wa huku tusijione wageni wa mambo haya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet, jirani zetu kabisa, na mitambo yake ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia wimbo wa Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Mississippi ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Katika wimbo wao walimfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Hawakutosheka kusikiliza santuri, walikaa wakatunga chao. Rekodi hiyo ipo mpaka leo, itafute.

Nashville yenyewe, makao ya kantri huko Marekani, kwa jinsi ninavyoifuatilia, ni mji wa watunzi kabla ya kuwa mji wa mastaa. Kwenye barabara za 16 na 17 za upande wa kusini, eneo wanaloliita Music Row, watu hupangiana miadi ya kutunga kama watu wa ofisini. Wawili au watatu wanaingia chumbani asubuhi, kila mmoja na gitaa lake na simu iliyojaa vichwa vya nyimbo alivyookota barabarani, kanisani, kwenye foleni ya duka. Wakitoka wana wimbo, au hawana, na kesho wanarudi. Desturi yao kubwa ni kugawana sawa: aliyeleta beti nzima na aliyeleta mstari mmoja uliofungua mlango wanapata fungu moja. Mimi desturi hiyo naiheshimu sana. Inamfanya mtu asishindane na mwenzake kuhesabu maneno.

Halafu kuna mkahawa wa Bluebird Cafe, huko huko Nashville. Amy Kurland aliifungua mwaka 1982 ndani ya safu ya maduka ya kawaida kwenye barabara ya Hillsboro, na haichukui watu zaidi ya 90 hivi. Mwaka 1985 huyo huyo Schlitz na wenzake watatu, Thom Schuyler, Fred Knobloch na Paul Overstreet, waliliacha jukwaa wakaweka viti katikati ya ukumbi, wakatazamana, wakawa wanaimba kwa zamu nyimbo walizotunga. Mtindo huo umebaki. Wasikilizaji huombwa wanyamaze, na wananyamaza. Video za huko huwa natazama usiku nikishafunga hesabu, bando ikiruhusu. Anakaa mtu wa makamo ambaye ukipishana naye stendi hungegeuka kumtazama, sauti imekwaruza, anasema "huu tuliuandika na fulani siku mvua ilipotuzuia," kisha anaimba kitu ambacho dunia nzima inakijua kwa sauti ya mtu mwingine. Mara nyingi namwona mtunzi akiuimba wimbo wake polepole kuliko mwimbaji, na mimi napenda zaidi hivyo. Anajua uzito uko kwenye neno lipi.

Mahali pamoja nakubaliana na mzee. Kati ya mwaka 2012 na 2014 redio za kantri za Marekani zilijaa nyimbo za aina moja: pikapu, bia, barabara ya vumbi, msichana mwenye suruali ya jinzi amekaa nyuma ya gari. Nyingi ziliandikwa kwa haraka na zinasikika hivyo. Mtu akianzia hapo akasema kantri ya sasa haina kitu, namwelewa. Lakini msimu ule ule, mwaka 2013, tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, ilikwenda kwa wimbo mwingine wa pikapu, na huo ndio unaonifanya niandike haya yote.

Unaitwa "I Drive Your Truck". Lee Brice ndiye aliyeuimba. Waliotunga ni Connie Harrington, Jessi Alexander na Jimmy Yeary. Mwaka 2011, siku ya kuwakumbuka askari wa Marekani waliokufa vitani, Connie Harrington alikuwa akiendesha gari huku redio ikiwa imewashwa. Akamsikia baba mmoja akihojiwa, Paul Monti wa Massachusetts, ambaye mwanawe Jared aliuawa Afghanistan mwaka 2006 akijaribu kumwokoa askari mwenzake aliyejeruhiwa. Mtangazaji alimuuliza anamkumbukaje mwanawe. Akajibu kwamba huendesha gari lake, ile Dodge aliyoiacha. Connie alisimamisha gari pembeni, akaandika alichoweza kushika, kisha akapeleka vile vikaratasi kwa wenzake wawili chumbani.

Walichokifanya humo chumbani ndicho ninachoomba wapenzi wa kantri wakichunguze. Hawakuandika habari za vita. Bendera inatajwa mara moja tu, ile ya kaburini, na hakuna neno la kututaka tulie. Wameorodhesha vitu vilivyobaki ndani ya gari: sarafu chache kwenye kijisahani cha majivu, chupa ya kinywaji iliyobaki nusu, kofia, buti. Redio imeachwa kwenye stesheni ile ile aliyoiacha mwenyewe. Kisha mwenye kufiwa anasema tu anachofanya: analiendesha. Baadaye wimbo ulimfikia Paul Monti mwenyewe, naye hakuweza kuumaliza kwa mara moja. Watunzi walipotambua ni yeye waliyemsikia redioni, walikutana naye.

Nyuma ya nyumba ya mama, chini ya mparachichi, iko Peugeot 504 pikapu ya marehemu baba. Alibebea majani ya chai, mitungi ya maziwa, majeneza ya majirani, na sisi watoto tukienda shule ya bweni na masanduku yetu. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekuja mara nyingi, na mama huwapa chai halafu huwaambia hapana. Kwenye deshibodi kuna stakabadhi za chai zilizopauka, tochi isiyo na betri, kalamu ya Bic iliyotafunwa mwisho, na kile kijitambaa cha manjano alichokuwa akifutia kioo kukiwa na ukungu asubuhi. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake kwamba visiguswe. Havijaguswa tu. Kaka yangu akija kutoka Nairobi huenda akakaa mle ndani peke yake, mlango umefungwa, na hakuna anayemwita mpaka atoke. Mara ya kwanza kuusikia wimbo ule nilikuwa napima dawa ya minyoo ya mbuzi, ikabidi nimwombe mteja anisubiri. Mwanamke wa Nashville aliyesimamisha gari kando ya barabara aliandika habari za uwanja wa mama yangu bila kuujua. Mtu akiniambia kwamba kantri iliisha na wazee, huwa nafikiria kijitambaa kile cha manjano.

Mtunzi wa pili ninayemtaja kila ninapopata nafasi ni Lori McKenna. Hakuhamia Nashville. Anaishi Stoughton, Massachusetts, mji alikozaliwa, ameolewa tangu akiwa kijana, ana watoto watano. Alianza kupanda kwenye majukwaa madogo ya eneo lake akiwa na miaka 27, tayari mama. Mwaka 2005 mwimbaji Faith Hill alirekodi nyimbo zake kadhaa kwenye albamu moja, na milango ikafunguka. Huenda Nashville kutunga na Hillary Lindsey na Liz Rose, kisha anarudi kwake. Watatu hao ndio walioandika "Girl Crush", ambao bendi ya Little Big Town iliuimba. Ni wimbo wa wivu ulioandikwa kwa ujasiri ambao sijauona mahali pengine: mwanamke anamwonea kijicho yule aliyempata mpenzi wake wa zamani mpaka anatamani kuwa yeye.

"Humble and Kind" aliuandika peke yake, mezani nyumbani kwake, watoto wakiwa shule. Ni mausia ya mzazi, moja baada ya jingine, ya kawaida kabisa: sali, shukuru, mtembelee babu, ukifanikiwa usiwasahau walio nyuma yako. Tim McGraw akauimba, na ukavuma mwaka 2016. "Girl Crush" ilikuwa imeshinda tuzo ya CMA ya wimbo wa mwaka 2015, na huu ukashinda mwaka uliofuata. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameishinda miaka miwili mfululizo kabla yake. Mimi pia ni mama anayefanya kazi watoto wakiwa shule, na naujua muda ule wa kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa, jinsi unavyokwisha kabla hujamaliza jambo moja. Yeye alikaa ndani ya muda huo akaandika kitu ambacho watu wanaimbia watoto wao kwenye mahafali.

Chris Stapleton wengi wenu mnamjua, kwa hiyo sitakaa sana. Jueni tu kwamba kabla ya usiku wa tuzo za CMA wa Novemba 2015, alipoimba na Justin Timberlake na kesho yake kila mtu akamtafuta, alikuwa ametunga nyimbo za wengine kwa zaidi ya miaka 10. Ile sauti nzito ya Josh Turner kwenye "Your Man" inaimba maneno yake na wenzake wawili. "Drink a Beer" ya Luke Bryan aliitunga na Jim Beavers. Na ule wimbo unaompa yeye sifa kwenye kila baa ya Kenya, "Tennessee Whiskey", si wake: ni wa Dean Dillon na Linda Hargrove, na George Jones aliuimba mwaka 1983. Mtunzi mkubwa anajulikana zaidi kwa wimbo wa watunzi wengine. Naye kwa kuuimba vile amewalipa heshima kubwa.

Kisha Tracy Chapman. Nani hapa Kenya hajui "Fast Car"? Ulitoka mwaka 1988 na uliimbwa kwenye kila bweni nililolipitia. Luke Combs aliusikia utotoni kwenye gari la baba yake, na mwaka 2023 akaurekodi. Alichonifurahisha ni kwamba hakumgeuza anayesimulia kuwa mwanamume. Anayesimulia kwenye wimbo ni msichana anayefanya kazi dukani, na Combs, mwanamume wa North Carolina mwenye ndevu, ameimba hivyo hivyo, kama mtu anayejua kwamba nyumba aliyoingia ina mwenyewe. Novemba mwaka huo Chapman akashinda tuzo ya CMA ya wimbo wa mwaka, mtunzi mweusi wa kwanza kuipata, kwa maneno aliyoyaandika peke yake, yaliyotoka miaka 35 nyuma. Februari 2024 wakaimba pamoja kwenye Grammy. Combs alikuwa akimtazama Chapman huku midomo yake ikifuata kila neno hata zamu isipokuwa yake. Itazameni tena sehemu hiyo.

Inaniuma kwamba watu hawa hulipwa kidogo kuliko mnavyodhani. Kwa kila nakala ya wimbo iliyouzwa Marekani, kiwango cha kisheria cha kumlipa mtunzi kilikuwa senti 9.1 za dola kuanzia mwaka 2006 hadi mwisho wa 2022, ndipo kikapanda hadi senti 12. Kwa zile senti 9.1, kampuni ya uchapishaji, ile inayosimamia nyimbo za mtunzi, ikichukua nusu yake, na watunzi wakiwa watatu, kila mmoja alibaki na senti moja na nusu hivi. Enzi za kaseti na CD, wimbo uliofichwa namba 9 kwenye albamu kwa upande wa mauzo ulimlipa mtunzi wake sawa na ule uliopigwa redioni, kwa sababu albamu iliuzwa nzima. Siku hizi watu wanasikiliza mtandaoni wimbo mmoja mmoja, na wa namba 9 haumlishi mtu. Redio za huko bado zinamlipa mtunzi, ndiyo maana wote wanapigania wimbo wa redio, na ndiyo maana nyimbo za pikapu na bia ziliandikwa kwa wingi vile. Kwa hilo siwalaumu watunzi.

Ombi langu la kwanza ni kwa ma-DJ wa usiku wa kantri: tajeni mtunzi. Sekunde tano zinatosha. Ukiweka Don Williams, sema Bob McDill. Sir Elvis na Esther Konkara wametuonyesha kwamba Mkenya anaweza kusimama na kantri akaheshimika, na watu wetu wako tayari kusikia zaidi ya zile nyimbo 20. Kwa wasikilizaji: kwenye Spotify gusa vidoti vitatu pembeni ya wimbo, shuka chini, utakuta majina ya waliouandika. Ukipenda jina moja litafute, utapata nyimbo nyingine 10 ambazo hukujua zimetoka mkono ule ule. Hivyo ndivyo nilivyotoka kwa Lee Brice nikafika kwa Jessi Alexander, na kutoka kwake bado sijarudi.

La pili ni la kwetu hapa. Nataka tuwe na jioni ya watunzi Litein, kwa mtindo wa Bluebird. Jirani yangu mwenye hoteli amekubali kutuachia ukumbi Jumamosi moja baada ya bonasi ya chai kulipwa, watu wakiwa na nafasi. Viti vinne katikati, bila jukwaa wala spika kubwa. Lugha ni yako mwenyewe, Kipsigis, Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu. Gitaa ninalo moja, linahitaji nyuzi mpya. Kama unatunga na unaweza kufika, niandikie hapa chini uniambie wimbo wako unahusu nini. Nyimbo za wengine tutaziimba siku nyingine. Siku hiyo aje aliyeandika wake.